Mizani ya Bomani

Nikiwa mtoto niliamini kwamba mizani ya pamba kijijini kwetu ililetwa na serikali. Kosa lilikuwa la masikio yangu. Babu, ambaye sisi Wasukuma humwita guku, alikuwa na neno lake moja kila msimu tukikaa chini ya mwembe kuchambua pamba: "Mizani hii alituletea Bomani." Mimi nikisikia bomani, ninaona boma: ile nyumba ya mkuu wa wilaya, bendera, askari mlangoni, na watu wazima wanaovua kofia kabla hata hawajaulizwa shida yao. Nikajisemea moyoni, kumbe serikali nayo ina wema wake. Nilikuwa darasa la sita nilipoambiwa kwamba Bomani ni mtu, kwamba jina lake la kwanza ni Paul, na kwamba aliwahi kuwa waziri.

Sikuambiwa darasani. Darasani tulikuwa na waasisi wa TANU, wanaume kumi na saba waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Tulikariri tarehe na tukakariri jina la mmoja. Wengine walibaki kuwa nyuso tu pichani. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye bando na usiku mrefu, nikaanza kuuliza kila uso ulitoka wapi. Watano kati ya wale kumi na saba walikuja kutoka Jimbo la Ziwa: Abubakari Ilanga, L. B. Makaranga, Saadan Abdu Kandoro, Suleiman Kitwara na Kisunguta Gabara. Watano! Hapo nikaweka simu chini nikaenda kuchemsha chai, maana nilikuwa nimesoma shule mbili za Mwanza na sikuwahi kusikia hata mwalimu mmoja akimtaja Gabara. Kandoro angalau tulimjua kwa mashairi.

Bomani mwenyewe hayumo katika orodha ile. Lakini ukiwauliza wazee wa Usukuma nani alileta uhuru huku, baada ya kumtaja Mwalimu watakutajia yeye, na wengi watamtaja pamoja na pamba.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Tumezoea kusimuliwa kana kwamba uhuru ulipikwa Dar es Salaam halafu ukasambazwa mikoani kwa treni, kama magazeti. Mimi naona mikoani walikuwapo watu ambao tayari walikuwa na kitu mkononi. Kule Meru kitu hicho kilikuwa ardhi. Uchagani kahawa, Unyanyembe kiti cha utemi, yaani uchifu. Kwetu kilikuwa mizani. TANU ilipofika ilikuta watu wamekwisha kusimama nyuma ya mwenye kitu, ikawaomba wasogee hatua moja mbele. Uhuru ulipopatikana, nchi mpya ikaanza kuvichukua vitu hivyo kimoja kimoja kutoka mikononi mwa wenyewe.

Acha nianze na mizani, maana ndiyo ninayoijua kwa macho.

Asiyewahi kulima pamba hajui kwamba kazi kubwa huja baada ya kuvuna. Pamba inamwagwa kwenye turubai au mkeka, mnakaa kuizunguka, mnachambua. Nyeupe isiyo na doa inawekwa kando: hiyo ni safi. Iliyotiwa rangi na kangambili, yule mdudu mwekundu mwenye mabaka meusi, au iliyoshika majani na udongo, hiyo ni fifi. Safi ina bei yake na fifi ina bei yake, na tofauti yake ni sare za shule. Ukichanganya, karani atakuwekea gunia zima kwenye fifi. Vidole vinakauka hadi vinakwaruza. Jioni guku alipitisha mkono kwenye lundo letu la safi kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, na akikuta punje moja ya fifi aliishika juu tuione sote, hasemi neno.

Kesho yake gunia linafungwa kwenye baiskeli hadi chamani, yaani kwenye chama cha ushirika. Mizani ilikuwa ya kuning'inia, ina ndoano chini na uso wa duara kama saa. Gunia likitundikwa, mshale unarukaruka. Sheria ya guku ilikuwa moja: usitoe jicho kwenye mshale mpaka utulie. Karani mwenye haraka atasoma wakati bado unacheza, na siku zote, sijui kwa nini, huusoma ukiwa upande wa chini.

Sasa fikiria hali hiyo mwaka 1948 hivi. Bei ya pamba ilikuwa imepangwa na serikali kwa kila ratili, kwa hiyo mnunuzi hawezi kukupunja kwenye bei. Atakupunja wapi? Kwenye uzito, na kwenye kuamua kama pamba yako ni safi au fifi. Wanunuzi wenye leseni na wenye viwanda vya kuchambulia mbegu walikuwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi. Si wote waliokuwa wezi, na dukani kwa hao hao ndiko mkulima alikokopa chumvi na kaniki wakati wa njaa. Lakini mkulima hakujua kusoma namba, karani alijua, na mizani ilikuwa ya mwenye duka. Hapo huhitaji kuwa mwanasiasa ili uwe na hasira.

Paul Bomani alizaliwa Ikizu, upande wa Musoma, mwaka 1925, mtoto wa mchungaji wa Kisabato. Alisoma kiasi kilichowezekana, akafanya kazi ya ukarani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947, akiwa na miaka ishirini na miwili, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Kutoka dukani akageukia shambani. Yeye na wenzake wakawakusanya wakulima wa pamba na kuwapa wazo ambalo leo linaonekana dogo: wekeni mtu wenu kwenye mizani. Kijana wa kijijini anayejua namba, mnamlipa wenyewe, anasimama karibu na karani wa mnunuzi na kusoma mshale kwa sauti. Basi. Hakuna hotuba, hakuna bendera. Mtu mmoja anasoma namba kwa sauti mbele ya watu.

Guku alikuwa kijana wakati huo, na alilisimulia hilo kwa furaha kuliko alivyosimulia siku ya uhuru wenyewe. Alisema karani wa mnunuzi siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili hakucheka.

Kutoka kwenye wapimaji hao kikazaliwa chama cha wakulima, na kutoka kwenye chama vikazaliwa vyama vya msingi kijiji kwa kijiji. Usukuma palikuwa na udongo mzuri kwa jambo hilo, maana vijana walikwisha kuzoea kulima kwa zamu katika elika, vikundi vya kulima pamoja, na kila kundi lina kiongozi wake. Bomani akapelekwa Uingereza, Loughborough, kusoma ushirika mwaka 1953 na 1954. Aliporudi, mwaka 1955, vyama vikaunganishwa kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja mkuu akiwa na miaka thelathini. Watu hawakuwa na muda wa jina refu kiasi hicho, waliita "Federesheni". Katika miaka michache ilikuwa inanunua pamba yote ya Usukuma, ikajenga na kununua viwanda vyake, na ikahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani.

Na sasa ndipo siasa inapoingia, kwa mlango wa nyuma. Serikali ya kikoloni ilikataa kuisajili TANU katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Miaka minne! Waliogopa Usukuma, na walikuwa na sababu. Watu walikuwa wamechoshwa na amri: punguza ng'ombe, lima matuta namna hii, lipa kodi ya mifugo. Watemi, waliokuwa na shirikisho lao lenye makao Malya, ndio waliotumwa kuzisimamia amri hizo, kwa hiyo lawama ziliwaangukia wao. TANU ikafungiwa mlango. Lakini ushirika ulikuwa halali, una muhuri, una mkaguzi wa mahesabu, una hata baraka za serikali, na Bomani mwenyewe alikuwa mjumbe wa kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mkutano wa TANU ulihitaji kibali. Mkutano wa kujadili uzito wa pamba haukuhitaji. Na mkulima aliyekwisha kugundua kwamba mizani ya mwenye nguvu inaweza kusahihishwa, hahitaji kusomewa kitabu ili aulize kuhusu mengine.

Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi waliloletewa na wakoloni, na maelfu wakaenda Mwanza kulalamika. Mwaka huo huo TANU ikaruhusiwa kujisajili Jimbo la Ziwa. Sijui kama kuna somo la uraia linalozidi hilo.

Wakati mwingine nadhani Bomani hakuwa mtu wa moto. Alikuwa mpole, wa mahesabu, mtu ambaye Mwingereza alidhani anaweza kumtumia dhidi ya wakali. Wakali kama Kandoro ndio waliokuwa wakisumbua boma. Lakini mkali bila mpole angekuwa na hotuba bila watu, na mpole bila mkali angebaki meneja. Mwanza ilikuwa na bahati ya kuwa nao wote wawili.

Sasa twende Meru, kwa haraka kidogo ingawa hadithi yake haistahili haraka. Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kupisha mashamba kumi na matatu ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakachanga fedha, wakamteua Kirilo Japhet, na mwaka 1952 akaenda New York kuishitaki Uingereza mbele ya Umoja wa Mataifa akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kesi haikushinda, kwenye Baraza Kuu kura hazikufikia theluthi mbili. Lakini fikiria mtu wa kijijini anarudi nyumbani na kuwaambia wenzake majimboni: kuna mahali juu ya Gavana, nimefika, nimesema, wamenisikiliza. Kabla ya hapo wengi hawakujua kwamba Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na kwamba Mwingereza ana mtu wa kumuuliza. Nyerere alipokwenda New York Machi 1955, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa na mkulima wa Meru. Kirilo naye yumo katika wale kumi na saba.

Watemi na mamangi ni habari nyingine, na nakiri kwamba nina upendeleo dhidi yao kwa sababu ya malezi. Thomas Marealle, Mangi Mkuu wa Wachagga tangu 1952, alikuwa na kabila lenye fedha za kahawa na ushirika wa tangu 1933. Kama kungekuwa na mtu wa kuanzisha nchi yake ndogo chini ya mlima, angekuwa yeye. Mwaka 1960 Wachagga wenyewe wakapiga kura kutaka rais wa kuchaguliwa, wakamweka Solomon Eliufoo wa TANU. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, msomi wa Makerere, aliingia serikalini akawa Waziri wa Sheria, akajiuzulu mwaka 1963. Mwaka huo huo utemi ukafutwa kwa sheria nchi nzima. Karibu miaka thelathini baadaye, vyama vingi viliporudi, Fundikira akaibuka na chama chake kipya cha siasa, kama mtu aliyekuwa ameacha koti lake mahali akarudi kulifuata. Halikumtosha tena.

Bomani alipanda. Waziri wa Kilimo mwaka 1960, Waziri wa Fedha kuanzia 1962. Kutoka kupima gunia hadi kupima bajeti ya nchi, miaka kumi na tano tu. Kisha ukaja uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Wagombea wawili kila jimbo, wote wa TANU, mmoja amepewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Watu wa nje walidhani ni igizo. Wakulima hawakudhani hivyo: mawaziri wawili walianguka pamoja na naibu mawaziri kadhaa. Mmoja wa mawaziri hao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeangushwa huko huko kwa watu wa pamba. Bibi Titi Mohamed naye alianguka Rufiji mwaka huo, yeye aliyekuwa amewakusanya wanawake wa TANU kabla viongozi wengi hawajajua pa kuanzia.

Mwalimu hakumtupa Bomani. Alimrudisha barazani, akampa wizara ya uchumi na mipango. Mwaka 1972 akampeleka Marekani kuwa balozi, akakaa Washington zaidi ya miaka kumi. Baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa kuvaa joho na kutunuku shahada. Heshima zote hizo ni za kweli. Ila tazama ramani: kila cheo kilimpeleka mbali zaidi na mizani.

Federesheni nayo ilikuwa imeanza kuoza. Hili halisemwi sana na watu wa kwetu, lakini tuseme. Makarani wa chama walijifunza hila zile zile za mnunuzi wa zamani, na makato yakawa mengi hadi mkulima akaanza kuuliza kama bei ni ya pamba au ya makato. Mwaka 1966 tume ya Rais ikachunguza ushirika nchini, Federesheni ikavunjwa, kikazaliwa chama kikuu kipya cha ushirika, Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vya ushirika kabisa, pamba ikawa ya mamlaka ya serikali. Jengo likabaki, mizani ikabaki, lakini hakuna tena kijana wa kijijini anayesoma mshale kwa sauti kwa niaba yenu. Ushirika ulirudishwa miaka ya themanini, kwa sheria na kwa hotuba.

Pamba niliyoichambua mimi ni ya baada ya hapo. Msimu mmoja guku alipeleka magunia kumi na moja, akapewa karatasi. Fedha hazikuja Agosti, wala Desemba. Kwetu tunasema "tumekopwa pamba", maneno mawili yanayomtosha mkulima yeyote wa Usukuma kujua habari nzima. Karatasi zile alizitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kadi yake ya TANU na cheti cha ubatizo. Alipokuwa na hasira sana alizitoa, akazihesabu, akazirudisha.

Mwaka 2005 redio ikatangaza kwamba Mzee Paul Bomani amefariki. Nilikuwa nimekwenda nyumbani likizo. Guku alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, macho yamekwisha kuwa na ukungu, akanyamaza mpaka taarifa ya habari ikaisha na muziki ukaanza. Nikamwambia pole, maana nilidhani amefiwa na rafiki. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja deni dogo, kwamba mwaka ule wa jembe na nyumba yeye hakumchagua Bomani.

Nilishangaa. Nikamuuliza, si ulisema ndiye aliyetuletea mizani?

"Ndiye," akasema.

Nikamuuliza basi kwa nini.

Akafikiri. Akasema siku ya kampeni Bomani alikuja na gari, akapanda jukwaani, akaongea vizuri, watu wakapiga makofi. Yeye guku alikuwa amebeba risiti za chama, makato hayaeleweki, akataka amwonyeshe. Akasogea mpaka karibu na jukwaa. Vijana wa ulinzi wakamwambia mzee, subiri, mheshimiwa ana haraka.

"Ulikuwa mzee mwaka 1965?" nikauliza.

"Sikuwa mzee," akasema. "Ndiyo maana nikakasirika."

Nikamuuliza kama alichagua jembe au nyumba. Akasema hakumbuki. Kisha akaomba nimsogezee redio, maana ilikuwa inakwaruza.